Skyline (2010) imeniumiza: tatizo ni bajeti ndogo au ni kitu kingine?

Kijana_Ipagala

Wakuu habari zenu, niko Dodoma hapa Ipagala. Wikiendi hii tumeangalia na washkaji Skyline, ile ya 2010, viumbe wa anga wanavamia Los Angeles. Trela yake niliiona zamani nikiwa bado shule na ile picha ya watu maelfu wanapaa hewani kuingia kwenye meli ya hao viumbe haikunitoka kichwani, nimeitafuta mpaka nimepata mtu wa kuniwekea kwenye flashi. Aisee nimeumia.

Mwanzo uko vizuri, sidhani kama kuna wa kupinga. Alfajiri, watu wamelala hoi baada ya pati, mwanga wa buluu unapenya kwenye mapazia, jamaa anainuka kwenda kuchungulia, mishipa inamtoka usoni, macho yanageuka, halafu hayupo. Sebule nzima ilinyamaza. Nikajua leo tumepata muvi. Kuanzia hapo sasa wanakaa ghorofani. Wanafunga mapazia, wanabishana tutoke tusitoke, wanashuka kwenye maegesho ya magari, wanakutana na dude, wanarudi juu, wanabishana tena. Jeshi linakuja, nyuklia inapigwa, meli inaanguka, inajiunga yenyewe na kupaa tena, sawa, lakini sisi tunaona kwa mbali tu dirishani na wao wenyewe wako dirishani wanaangalia. Kuna habari ya stelingi kupewa kazi na rafiki yake tajiri na kuhamia kule, kuna habari ya mpenzi wake kuwa na mimba, vinatajwa halafu havifanyi kazi yoyote kwa muda mrefu sana. Dakika za mwisho kabisa ndo inanoga, jamaa kanyofolewa ubongo, umepachikwa kwenye mwili wa kiumbe, na bado anamkumbuka mwanamke wake na anamkinga, na hapo hapo wanazima! Hadithi ndo kwanza inaanza.

Kwa nini nauliza. Tuko kikundi cha vijana tunapenda sinema, tunataka kutengeneza filamu fupi, na mimi nataka iwe ya viumbe wa anga kushuka huku kwetu. Nusu ya kikundi wanasema bila hela usiguse hizo habari, tengeneza mapenzi au uchawi kama wengine, na sasa wameshika hii Skyline kama ushahidi, wanasema ona hata Wazungu wakikosa hela inakuwa hivi. Mimi roho inakataa. Wenye uelewa naomba mnisaidie, ni hela kweli?

FundiPicha_Majengo

Mkuu hapana, siyo hela, na hiyo muvi ndo ushahidi kwamba siyo hela. Mimi kazi yangu kamera na kuediti, sendofu harusi kipaimara hapa mjini, na hii muvi nimeifuatilia kwa sababu ya namna ilivyotengenezwa.

Walioiongoza ni ndugu wawili, Colin na Greg Strause, wana kampuni yao ya kutengeneza picha za kompyuta inaitwa Hydraulx, wamefanya kazi kwenye muvi kubwa kubwa za watu wengine kabla hawajafanya hii ya kwao. Lile jengo wanalojifungia wahusika ni jengo alilokuwa anaishi Greg mwenyewe, Marina del Rey huko huko Los Angeles. Kwa hiyo hela ya lokesheni hawakutoa. Kupiga picha zenyewe, yaani waigizaji, kamera, taa, chakula cha watu, inatajwa ilitumika kama dola laki 5 hivi, halafu upande wa kompyuta ndo ikaenda kama dola milioni 10. Umeona mgawanyo huo? Na mlangoni ikaingiza zaidi ya milioni 60 duniani kote, kwa hiyo kibiashara hawakulia, ndo maana zikaja na nyingine mbili, 2017 na 2020.

Sasa kujifungia kwenye jengo moja siyo kosa, hapo walitumia akili kabisa, ukiwa na hela kidogo unatafuta sehemu moja unaimiliki unaibana humo humo. Kosa ni kwamba watu wa kompyuta walianza na picha za kompyuta, hadithi ikafuata nyuma. Kila hadithi inapofika mahali ambapo mtu inabidi aamue kitu kigumu, nani aachwe, nani afungue mlango, wanakata wanatuonyesha meli. Iangalie tena ukiwa unahesabia hapo utaona. Meli imetengenezwa vizuri sana, sitaki kuwadhulumu, kwa mwaka ule na kwa ile hela ni kazi ya mafundi wa kweli, ila ukishaiona mara ya tatu haikutishi tena, unabaki unasubiri mtu, na mtu hayupo.

Halafu mwaka huo huo 2010 ikatoka Monsters ya Muingereza anaitwa Gareth Edwards. Bajeti inatajwa chini ya dola laki 5, yaani muvi nzima kwa hela ambayo wenzake walitumia kupigia picha tu! Alizunguka Mexico, Guatemala, Belize na Costa Rica na watu wachache mno kwenye gari, waigizaji wakubwa wawili tu, Scoot McNairy na Whitney Able, ambao walikuwa wapenzi kweli, wengine wote unaowaona mle ni watu aliowakuta huko huko njiani akawaomba waigize. Kamera alishika mwenyewe, na madude akaenda kuyatengeneza mwenyewe nyumbani kwenye kompyuta yake kwa programu za kawaida ambazo hata mimi ninazo. Viumbe unawaona kidogo sana. Unachoona ni mabango ya tahadhari, uzio, helikopta zinapita, viumbe wamechorwa ukutani, watu wameshazoea kuishi na hilo balaa, na unaamini. Miaka minne baadaye huyo jamaa akakabidhiwa Godzilla ya Hollywood.

Waonyeshe hao wenzako zote mbili siku moja.

Binti_wa_Irangi

Fundi umeongea vizuri, mi naongezea upande mwingine kwa sababu naona mnazungumzia hela na kamera wakati mimi kilichoniudhi kwenye Skyline ni hao watu wenyewe walivyoandikwa. Wanawake mle ndani kazi yao kulia na kugombana kuhusu mwanaume, huyo mwenye mimba, mimba yake imewekwa ili baadaye viumbe wamtamani na stelingi apate cha kuokoa, basi. Hatujui yeye anaogopa nini, hatujui anataka nini. Kuandika mtu akawa mtu hakuhitaji hata shilingi, ni kukaa chini na karatasi, hiyo haina kisingizio kwa mtu yeyote awe wa Los Angeles awe wa Dodoma.

Kaka wa Ipagala, kama hujaiona District 9 ya 2009 itafute haraka. Najua bajeti yake siyo ndogo kwetu, dola milioni 30, ila kwa muvi za aina hiyo ni hela ya chini. Meli imeganda juu ya Johannesburg, haikwenda New York wala Washington, na viumbe wamewekwa kambini kwenye vibanda, wamepigiwa picha Chiawelo kule Soweto kwenye nyumba ambazo watu walikuwa wanahamishwa kweli. Stelingi ni karani tu wa ofisini, anazunguka na fomu anagongea viumbe milango wasaini kuhama. Fomu! Mtu yeyote aliyewahi kuona watu wanavunjiwa nyumba anajua ile sura ya afisa mwenye fomu. Ndo maana ile muvi inakuumiza, ni jambo la Afrika Kusini lenyewe ndo limevaa ngozi ya viumbe. Ina ubaya wake pia, walivyowaonyesha Wanigeria pale ni aibu na serikali ya Nigeria ilikuja juu kipindi kile, na nawaunga mkono. Lakini swali lako limejibiwa hapo, Afrika inafaa kabisa kwa hizi hadithi.

Na jambo lingine niliseme kabla hujaandika skripti maana najua mtafika huko. Kuna watu mitandaoni wanachukua michoro yetu ya kale ya mapangoni Kondoa, ile ya Kolo, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu ajabu, wanasema eti ni ushahidi viumbe wa anga walikuja. Tafadhali msiitumie hivyo. Ile michoro imechorwa na watu, watu wa nchi hii, kwa rangi walizotengeneza wenyewe, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa kule kuinakili mwaka 1951 akaja kuiandikia kitabu, UNESCO wameiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na wazee wetu mpaka leo yako mapango wanafanyia matambiko ya mvua. Mtu anapoona kazi nzuri ya Mwafrika wa kale na kitu cha kwanza kumjia ni kwamba lazima alisaidiwa na kiumbe kutoka nyota nyingine, huyo anatutukana. Inaniuma kweli. Weka kiumbe wako, mshushe popote unapotaka, ila mapango ya Kolo yaache yabaki ya waliochora.

Kijana_Ipagala

Dada asante sana, kweli wazo la mapango lilikuwa limetajwa na mmoja wetu, nimemtumia ulichoandika na amekubali tunaliondoa kabisa. Fundi, Monsters naitafuta leo hii.

mtazamaji_06

Mi naitetea kidogo Skyline. Ile ya pili ya 2017, Beyond Skyline, ni nzuri kuliko ya kwanza, aliyeiongoza ni Liam O'Donnell ambaye alikuwa mmoja wa walioandika ya kwanza, anaanza na watu wengine siku hizo hizo za uvamizi, halafu anafika pale mlipokatiwa utamu akaendelea napo. Ngumi za kutosha, Iko Uwais yumo. Siyo muvi ya akili sana lakini haikai dirishani.

Mzee_Mpwapwa

Mbukwenyi. Vijana mmenifurahisha, nimesoma yote. Mimi nimeangalia sinema tangu enzi za mabanda ya video, mnakaa kwenye mabenchi, jenereta inaunguruma nje, televisheni moja ya nchi ishirini na moja na watu wamejaa hadi mlangoni. Muvi nyingi tulizoangalia zilikuwa za bei rahisi kabisa, madude ya mpira unaona zipu mgongoni. Na tulikuwa tunazipenda kwa sababu ya mtafsiri. Marehemu Lufufu alikuwa anaichukua muvi mbovu anaipa uhai kwa sauti tu, anakupa historia ya kila mtu, huyu ana deni, huyu alisalitiwa na kaka yake, unajikuta unamhurumia mtu ambaye mwenye muvi mwenyewe hakumjali. Binti wa Irangi amelisema hilo hilo kwa njia nyingine.

Nataka niwakumbushe kitu cha zamani zaidi. Hadithi ya kwanza kubwa ya uvamizi wa aina hii aliiandika Muingereza H. G. Wells, kitabu kilitoka 1898, na wale viumbe kutoka sayari ya Mirihi hakuwapeleka mbali, aliwashusha kwenye vijiji na mitaa ya pale pale alipokuwa anaishi na kuendesha baiskeli yake. Ikafika 30 Oktoba 1938 Orson Welles akaigeuza kuwa mchezo wa redio Marekani, na yeye akahamisha, akawashusha shambani New Jersey, akaufanya uwe kama taarifa ya habari inakatiza muziki. Hakuna picha hata moja. Mtangazaji anaeleza anachokiona shambani, sauti yake inaanza kutetemeka, halafu kimya. Magazeti yalikuja kukuza yakasema nchi nzima ilikimbia, haikuwa hivyo, ila walioshtuka walikuwepo, kwa sauti peke yake. Kwa hiyo anayewaambia msiguse bila hela muulizeni ile ya redio ilihitaji dude gani.

Na huku kwetu mnavyo vitu ambavyo hao wa Los Angeles hawana. Nenda Bahi au Chemba usiku wa kiangazi, hakuna taa, nyota zimejaa, mbuyu mmoja umesimama peke yake uwandani. Jambo likitokea usiku mfugaji hahitaji kuona meli, anajua kwa ng'ombe. Ng'ombe wakikataa kuingia zizini, kengele zikanyamaza zote kwa pamoja na mbwa wakarudi nyuma, Mgogo yeyote anayeangalia hiyo filamu nywele zitamsimama kabla hamjamuonyesha kitu.

Kijana_Ipagala

Shikamoo mzee. Hiyo ya ng'ombe na kengele naomba tuitumie kwa ruhusa yako. Fundi narudi kwako, tatizo linabaki moja, mwishoni lazima kiumbe aonekane hata mara moja, watu wa huku bila kuona watasema tumewaibia. Tunamtengenezaje bila mamilioni?

Mzee_Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Itumie.

FundiPicha_Majengo

Kwanza mtu kwenye vazi bado anafanya kazi kuliko kompyuta mbovu. Yule wa Alien ya 1979 ambaye dunia nzima inamuogopa alikuwa Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi tu London, mrefu kupita mita mbili na mwembamba, hakuwahi kuigiza popote, walimkuta baa wakaona mwili wake ndo wanaoutafuta. Mwongozaji wake Ridley Scott alichofanya ni kutokumuonyesha mzima, unaona mkono, mkia, taya, giza, mvuke. Na 2011 Waingereza walitoa Attack the Block, viumbe wao ni manyoya meusi tii na meno yanayong'aa basi, watu kwenye mavazi, halafu kwenye kompyuta wakawazidishia weusi mpaka ukiwaangalia unaona shimo lenye meno. Rahisi na inatisha. Mtafute kijana mmoja mrefu, huku Dodoma mnao wengi tu, mshoneeni kitu kimoja chenye umbo la kueleweka, mpigieni picha kwa nyuma kuna taa, msimsogelee.

Kikubwa ni sauti. Muvi nyingi za Bongo zinaharibika hapo, picha safi sauti inatoka chooni, na mkipiga kati ya Juni na Septemba upepo wa Dodoma mnaujua, utaingia kwenye maiki mtajuta. Funikeni maiki kwa manyoya yake, rekodini mazungumzo upya ndani ya chumba kama hayasikiki, na kengele za ng'ombe kazirekodini peke yake alfajiri kabla upepo haujaamka. Picha ikiwa mbaya kidogo kwenye giza mtu anasamehe, sauti ikiwa mbaya anazima.

Usiku wa kweli kwenye uwanda bila taa simu haitaona kitu, pigeni dakika zile jua limeshazama na anga bado ina buluu, ni muda mfupi sana kwa hiyo fanyeni mazoezi mchana mzima mjue kila mtu anasimama wapi.

Halafu vibali. Filamu inatakiwa kibali cha Bodi ya Filamu, sheria ipo tangu 1976, msidharau kwa sababu ni fupi. Droni usirushe bila kibali kabisa, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kuna jeshi, na hapa ni makao makuu, ukirusha kuelekea Mtumba kwenye Mji wa Serikali utaenda kueleza mambo ya viumbe wa anga kituoni na hakuna atakayekuelewa. Mimi ningekaa mbali na droni kabisa. Mtu aliyesimama chini anaangalia juu anatosha.

Maiki ya kubana shatini naweza kuwaazima katikati ya wiki, wikiendi inakuwa kazini. Ila siitoi mpaka nione skripti.

Binti_wa_Irangi

Na mimi nataka kuiona hiyo skripti. Nani mhusika mkuu na anafanya kazi gani?

Kijana_Ipagala

Mhusika ni dada mmoja wakala wa miamala ya simu, kibanda chake kiko pembeni ya barabara ya kwenda Bahi, siku ya mnada. Mtandao unakata ghafla saa kumi jioni, watu wamejaa wanataka hela zao za kuuzia ng'ombe, wanaanza kumtuhumu kwamba amewaibia, yeye anajua salio liko kwenye simu lakini simu haisomi kitu. Huko nyuma ya watu mifugo inaanza kukataa kusogea. Nani aliyeshuka na kwa nini hatuelezi, tunabaki na huyo dada na foleni yake mpaka giza linaingia.

Binti_wa_Irangi

Hii nimeipenda sana. Sasa watu wakianza kukimbia, zile noti alizonazo kwenye droo anakimbia nazo au anaziacha?

Kijana_Ipagala

Hapo ndo tunagombania dada. Mwenzangu anataka akimbie nazo halafu azirudishe baadaye. Mimi nataka abaki awalipe mmoja mmoja kwa daftari, kwa majina, mpaka zinapoisha, na foleni bado ndefu.

FundiPicha_Majengo

Ya daftari. Njoo Jumatano uchukue maiki.